Usalama Hutengenezwa Kabla ya Haja

Hapana binadamu, awe mwenye majumba ya kupangisha au mchukuzi wa mizigo gatini, asiyepata kuamka kabla ya adhana ya alfajiri akajikuta macho makavu na moyo wamwenda mbio, akijiuliza maswali ambayo mchana hakuyapa nafasi: itakuwaje nikiugua, itakuwaje kazi ikikoma, itakuwaje mwenye nyumba akiitaka nyumba yake, na watoto hawa watalelewa na nani nikiwa sipo. Maswali hayo si dalili ya upungufu wa imani, wala si woga wa kuonewa haya. Ni haja ya asili, iliyomo katika kila kiumbe ajuaye kuwa kesho ipo na asiyejua kesho imebeba nini. Na haja hiyo yastahili kutafutiwa dawa kwa tadbiri na subira, kama njaa inavyotafutiwa chakula. Kwa ajili yako wewe unayeamka saa hizo, nimeandika mwongozo huu.

Waliosoma chuoni wanakumbuka kuwa sura fupi ya Kureshi, ambayo ni ya 106 katika Kurani, inalikumbusha kabila lile la Makka neema ya kulishwa na neema ya kusalimishwa na hofu, mbili hizo zikiwa bega kwa bega. Karne nyingi baadaye, mwaka 1943, mwanasaikolojia wa Marekani aitwaye Abraham Maslow alizipanga haja za binadamu kwa daraja, akaiweka haja ya usalama mara tu baada ya chakula, maji na usingizi, na kabla ya mapenzi na heshima. Nalo Tangazo la Haki za Binadamu, lililopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1948, lilitamka katika kifungu chake cha 25 kuwa kila mtu ana haki ya kuhifadhiwa anapokosa kazi, anapougua, anapopata ulemavu, anapofiwa na mwenzi wake na anapozeeka. Itazame orodha hiyo kwa makini, nawe utaona kuwa ni maswali yako ya alfajiri, yaliyokaa mezani mbele ya wajumbe wa mataifa wakayaona yana uzito.

Kabla hatujaingia katika kazi yenyewe, liko jambo moja ambalo napenda ulishike, maana ndilo litakaloamua kazi ifanywe vipi. Mwaka 2016 watafiti wa University College London walichapisha habari za jaribio walilowafanyia watu 45, ambao walichezeshwa mchezo wa kompyuta wa kukisia kama chini ya jiwe pana nyoka au hapana, na kila nyoka alipotokea mchezaji alitiwa umeme wa kuuma mkononi. Walipopima jasho la ngozi na mboni za macho, walikuta kuwa fadhaa haikuwa kubwa kupita yote kwa mtu aliyejua kwa yakini kuwa ataumizwa, bali kwa yule ambaye kuumizwa na kusalimika kwake kulikuwa nusu kwa nusu. Aliyejua kuwa maumivu yanakuja alijikaza akayapokea. Aliyening'inia baina ya ndiyo na siyo ndiye aliyeteseka.

Basi kinachomwondolea mtu utulivu aghalabu si dhara lenyewe, bali ni kutojua kama lipo, litafika lini, na likifika atakimbilia kwa nani. Mali peke yake haijibu maswali hayo. Mtu aweza kuwa na fedha nyingi asijue ni kiasi gani, ziko wapi, na nani atazipata akifa, akawa na wahaka kumshinda mvuvi wa Kizimkazi ajuaye kuwa kusi likichafuka atakaa nchi kavu siku kadhaa, na posho ya siku hizo ameshaiweka kwa mkewe. Usalama tunaoweza kuupata hapa duniani ni mambo yaliyokwisha kutengenezwa kabla haja haijafika, yakajulikana, na wakayajua pia watu wengine zaidi yako wewe. Hayo ndiyo nitakayokuonyesha namna ya kuyatengeneza.

Wako wanaodhani kuwa kutafuta usalama ni kujifungia, na kuwa mtu aliyehakikishiwa chakula na mahali pa kulala atalegea asitake kujaribu jambo. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala, akawa anakwenda na mkalimani katika vijiji vya Buganda vilivyo jirani na mji ule, akikaa barazani na sebuleni mwa familia 26 kuwatazama watoto wachanga 28 na mama zao kwa muda wa miezi kadhaa. Aliyoyaona aliyachapisha katika kitabu mwaka 1967, na elimu ya malezi haikuwa tena kama ilivyokuwa. Aliona kuwa mtoto mwenye yakini na mama yake hutambaa akaenda mbali, akagusa kinu, akachungulia mlangoni, kisha akageuka kumtazama mama kama bado yupo, na akishamwona huendelea na safari yake. Ama mtoto asiye na yakini hiyo hulia hata akiwa mikononi, na hathubutu kushuka. Ni vivyo hivyo kwa sisi watu wazima. Chombo kitupu hutiwa farumi ya mawe au mchanga ndani ya ngama ili kiweze kusafiri pasipo kupinduliwa na upepo, na mtu naye hupewa uthabiti ili aweze kwenda. Kwa hiyo usione haya kuutafuta, wala usikubali kuambiwa kuwa ni uzembe.

Kazi ianze na daftari. Nunua daftari moja zuri, lisilo la kuchana kurasa, na uliweke kwa shughuli hii tu. Ukurasa wa kwanza uandike hofu zako kama zinavyokujia, bila kuzipamba wala kuzipanga. Kisha mbele ya kila moja uandike ikitokea itagharimu nini, na ni nani atakayeguswa. Utastaajabu kuona jinsi hofu iliyojaza chumba kizima usiku inavyotoshea katika mstari mmoja mchana. “Kodi inakwisha mwezi wa Novemba, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo.” Hii si hofu tena, ni hesabu, na hesabu hugawanywa kwa miezi iliyobaki ikaonekana kila mwezi watakiwa kuweka kiasi gani. Ziko hofu ambazo baada ya kuandikwa zitaonekana hazina mwili, nazo zitakwenda zenyewe. Ziko nyingine ambazo hazina jibu kwako, kama vita au mauti, na hizo nitazigusa baadaye.

Ukurasa wa pili uandike hesabu ya mwezi mmoja wa nyumba yako: unga, mchele, mboga na kitoweo, mafuta, gesi au mkaa, luku, maji, nauli, ada za skuli, dawa za mzee, na fedha unayotuma kwenu. Usiikadirie kwa kichwa, maana kichwa husahau vitu vidogo, na vitu vidogo ndivyo vinavyomaliza mshahara. Iandike kila jioni kwa mwezi mzima, hata ya karanga na vocha. Siku ya mwisho ijumlishe. Tarakimu utakayoipata ndiyo kipimo cha usalama wa nyumba yako, na watu wachache mno wanaijua yao. Ukishaijua, neno “akiba” litapata maana, kwa kuwa utaweza kusema: nina akiba ya siku kumi, au ya mwezi, au ya miezi mitatu. Lengo la kwanza liwe mwezi mmoja. Usijitie mori wa kutaka mwaka mzima kwa mara moja, kwani wengi waliotaka hivyo waliacha njiani wakarudi patupu.

Hesabu hizi zifanye wakati wa nafuu, siku mshahara umetoka au mavuno yameingia, usizifanye usiku, wala usizifanye wakati wa ukata. Hili si shauri la adabu tu. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti juu ya wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, Bara Hindi, waliopewa mitihani ya akili kabla ya kuvuna, wakiwa katika dhiki, na baada ya kuvuna, wakiwa na fedha. Na wakulima wale wale walishindwa kabla ya mavuno mambo waliyoyaweza baada yake. Umasikini wa wakati huo ulikuwa umewajaa akilini hata pasibaki nafasi ya fikra nyingine. Kwa hiyo mtu anapokuwa katika shida asimlaumu Mungu kwa kumnyima akili. Na asiuze shamba, asivunje ndoa, wala asitie saini mkopo katika juma lile la shida ikiwa jambo laweza kungoja.

Namna ya kuweka akiba tunayo sisi wenyewe, hatuna haja ya kuiazima mbali. Nilipata kumtazama mama mmoja wa Tanga, muuza vitumbua, jinsi anavyomaliza biashara yake ya asubuhi: kabla hajahesabu faida, kabla hajamjibu mtoto anayetaka peni, hutoa kwanza fedha ya mchele, nazi, sukari na mafuta ya kesho, akaifunga katika pindo la kanga fundo la kulia, kisha hutoa sehemu ya mchezo wa wiki, akaifunga fundo la kushoto, kilichobaki mkononi ndicho anachokiita chake. Kila fedha inajua kazi yake kabla haijafika nyumbani, na asiyekuwa na kanga aweza kufanya hivyo kwa bahasha au kwa akaunti ya simu iliyotengwa. Siri yote imo katika kutanguliza: anayeweka akiba ya kinachobaki hawezi kuweka, kwa sababu hakibaki kitu.

Upatu, ambao pengine huitwa mchezo au kibati, una fadhila kubwa kwa kuwa unamfunga mtu kwa haya: ukijua wenzako kumi na wawili wanakungoja Jumamosi, hutakula fedha yao. Lakini upungufu wake ni kwamba zamu haijui maradhi. Mtoto aweza kulazwa mwezi wa pili ilhali zamu yako ni ya tisa. Kwa ajili hiyo naviona bora zaidi vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo kwa mtindo wa sasa vilianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, kwa msaada wa shirika la CARE, na siku hizi vimeenea hadi vijiji vyetu vya Afrika Mashariki. Ukipata kualikwa katika mkutano wa kikundi kama hicho, tazama sanduku lao. Ni la chuma, lina kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa watu watatu tofauti ambao si mwekahazina. Halifunguliwi ila mbele ya wanachama wote, fedha huhesabiwa kwa sauti, na kila mmoja hugongewa muhuri katika kitabu chake. Pembeni kuna mfuko mdogo wa jamii, unaochangiwa kwa fedha kidogo kila mkutano, kwa ajili ya msiba, maradhi na kuunguliwa nyumba. Mtu anayejua kuwa mfuko ule upo hulala usingizi wa namna nyingine, ijapokuwa hajapata kuugusa.

Uwe na hadhari, lakini. Kikundi kinachoahidi kukurudishia mara mbili kwa miezi mitatu, na ambacho faida yake haitoki katika biashara inayoonekana bali katika michango ya wanaoingia leo, hicho ni ghiliba, hata kama aliyekuletea habari zake ni ndugu yako wa damu au kiongozi wa ibada. Mkopo wa simu, na ule ambao Tanzania umepewa jina la kausha damu, usiuchukue kwa chakula wala kwa sherehe. Ukiuchukua kwa kulipa mkopo mwingine, ujue umeshaingia shimoni, na la kufanya ni kusema na jamaa mapema, kabla vyombo havijabebwa. Dhahabu waliyoipenda bibi zetu ni hazina ya kweli, ila sonara hununua kwa bei iliyo chini ya ile anayouzia, na mwizi huijua njia ya kabatini. Ama benki, iko bodi ya bima ya amana ambayo benki ikifilisika humlipa mwenye akaunti hadi shilingi 500,000 nchini Kenya, na hadi shilingi 7,500,000 nchini Tanzania. Vitita vinavyolazwa chini ya godoro havina bodi.

Juu ya bima ya matibabu sitasema mengi. Kenya imehamia mfumo wa SHA tangu Oktoba 2024, mahali pa NHIF. Tanzania nayo ilitunga mwaka 2023 sheria ya bima ya afya kwa wote. Jiandikishe ungali mzima, maana asiyekata bima mpaka alazwe aghalabu huukuta mlango umefungwa. Na wewe uliyejiajiri, fundi, mama lishe, dereva wa bodaboda, usidhani mfuko wa pensheni wa NSSF ni wa watu wa ofisini. Katika nchi zote mbili mfuko huo hupokea michango ya waliojiajiri.

Sasa nifike kwenye hati, ambako moyo wangu unauma, maana ndiko nilikoona nyumba nyingi zikivunjika pasipo sababu. Baba anafariki. Matanga hayajaanuliwa, na tayari wajane na watoto wanapekua makabati wakitafuta cheti cha kuzaliwa, namba ya akaunti, karatasi ya kiwanja kilichonunuliwa kwa mzee ambaye naye ameshakufa. Anatokea mtu anayedai alikopesha. Anatokea mwingine anayedai aliuziwa nusu ya shamba. Hakuna anayejua. Kikao cha ukoo kinakaa kumteua msimamizi wa mirathi, kinageuka kikao cha matusi, na ndugu waliolelewa sahani moja wanaondoka hawazungumzi. Mara nyingi marehemu hakuwa mtu mbaya. Aliona tu kuwa kuyataja mambo haya ni kujiitia mauti. Nami nasema kwa yakini kuwa wasia haujapata kumwua mtu, na kutouandika kumeua udugu mwingi.

Tafuta basi kisanduku kimoja kisichoingia maji wala mchwa, nawe ukusanye humo vyeti vya kuzaliwa vya nyumba nzima, cheti cha ndoa, nakala za vitambulisho, vyeti vya masomo, kadi za bima na za mfuko wa pensheni, mkataba wa pango uliotiwa saini na pande mbili, na hati ya ardhi. Ikiwa ardhi yako iko kijijini Tanzania Bara, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakupa njia ya kupata hati ya hakimiliki ya kimila kupitia halmashauri ya kijiji chako, na hati hiyo yaweza kuandikwa kwa majina ya mume na mke pamoja; ningekusihi uiandike hivyo. Ujue pia kuwa Sheria ya Ndoa ya Tanzania, ya mwaka 1971, haimruhusu mwenzi mmoja kuiuza wala kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila idhini ya mwenzake, na wake wengi hawajapata kuambiwa hivyo. Juu ya yote weka karatasi moja ya mkono wako, yenye tarehe: akaunti zilizopo, unachodaiwa na unachodai, na jina la mtu wa kuulizwa. Kila mwaka, labda mwezi wa Ramadhani au wakati wa Krismasi mnapokuwa pamoja, itoe uiandike upya.

Wasia wenyewe wapelekee wanaojua kuuhifadhi. Tanzania Bara iko RITA, ambayo huwasaidia watu kuandika wasia na kuutunza. Zanzibar iko Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Muislamu akumbuke kuwa wasia wake hauvuki thuluthi moja ya mali, wala hampi mrithi zaidi ya fungu lake ila warithi wengine wakiridhia. Kwa hiyo kazi kubwa ya karatasi yake ni kubainisha madeni, amana za watu na mipaka ya mali, ili mafungu yagawiwe kwa haki. Akina mama wenye watoto wadogo waandike pia ni nani watakayemkabidhi malezi, na huyo mtu wamwulize kwanza.

Baada ya fedha na karatasi ni watu, na hapa sina shaka kuwa ndipo palipo na nguvu kubwa kuliko penginepo. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, Emmy Werner na wenziwe waliwafuatilia kwa miongo mingi watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955. Wako miongoni mwao waliokulia katika ufukara, ugomvi wa wazazi, ulevi na maradhi ya akili ya walezi, na hata hivyo thuluthi moja ya hao waliolelewa katika shida nyingi waliinuka wakawa watu wazima wenye kujiweza na wenye huruma. Na jambo lililoonekana kwao tena na tena ni kwamba kila mmoja alikuwa na walau mtu mzima mmoja, pengine bibi, pengine mwalimu, pengine jirani, ambaye hakumwacha. Mtu mmoja tu asiyeondoka.

Kwa hiyo jiulize: ukipatwa na jambo usiku wa manane, utampigia nani? Ikiwa jibu halikuja upesi, hiyo ndiyo kazi yako ya mwaka huu, hata kabla ya akiba. Mtu wa namna hiyo hapatikani siku ya shida. Hupatikana kwa kwenda kuzika kwake, kumjulia hali akiugua, kumpelekea futari, kumrudishia sahani ikiwa na kitu ndani. Ingia katika chama cha kufa na kuzikana cha mtaa wako, nawe uende kwa miguu yako badala ya kutuma mchango tu. Na wewe uliye mbali, Maskati au London, unayetuma fedha kila mwezi, piga simu pia siku ambazo hukutuma kitu, ili wakuzoee kama mtu.

Lakini nisieleweke vibaya. Ikiwa anayekutia hofu yumo humo ndani mwa nyumba, akikupiga au akimdhuru mtoto, basi ushauri wa kukaa karibu na watu wako haukuhusu katika nyumba hiyo. Usalama wako uko nje ya mlango huo. Tanzania, vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Na kwa habari za mtoto anayeteswa, namba 116 hupigwa bure Tanzania na Kenya vile vile. Wala asikuambie mtu kuwa stahamala ni kukubali kupigwa.

Mwili nao una haki yake. Hofu inapoingia, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu, moyo ukaenda mbio, pumzi ikawa fupi, tumbo likakaza. Na mwili haujui kutofautisha simba na barua ya mdai. Ukijikuta hivyo usiku, keti, weka nyayo chini, vuta pumzi taratibu kwa pua, kisha uitoe polepole kwa kinywa kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, mara kadhaa. Kuitoa pumzi kwa kirefu hupunguza mwendo wa moyo. Lala na uamke saa zile zile. Weka simu chumba kingine, kwa kuwa habari za usiku hazina unaloweza kulifanya mpaka asubuhi. Siku iwe na nguzo zisizohama: wenye kusali wanazo tano tayari, na asiyekuwa nazo na afanye zake, chai ya saa moja pamoja na wa nyumbani, kumwagilia miche, kukaa barazani baada ya magharibi. Ikiwa hofu imedumu majuma kadhaa, huli, hulali, kazi hazifanyiki, au imekujia fikra ya kujiua, nenda hospitali ukaseme hivyo hivyo. Hayo ni maradhi kama homa, na yana tiba.

Yabaki yale ambayo daftari halina jibu lake: ukame, vita, bei za dunia, na saa ya kufa. Katika hayo binadamu hana dhamana, na anayekuuzia dhamana hiyo anakuhadaa. Mwenye dini humwachia Mola wake, lakini baada ya kumfunga ngamia. Kadhalika yako mambo ambayo mtu mmoja hayawezi ila kwa sauti ya wengi, kama mfereji usiozibuliwa unaogharikisha mtaa kila masika, au mwenye nyumba anayetoa watu bila ilani. Hayo yapeleke kwenye mkutano wa mtaa, ukiwa na majirani zako, yaandikwe katika muhtasari.

Usingoje mwaka mpya, wala usingoje upate zaidi. Leo kabla ya kulala mwambie mtu mmoja unayemwamini hati zako ziko wapi, na Jumamosi hii keti na wa nyumbani kwako mfungue ukurasa wa kwanza wa daftari.